Nyundo Zilizoisha Kona

Ukifungua tumbo la kisiagi, hii mashine yetu ya kusaga mahindi, hutakuta mawe. Watu wengi hudhani mle ndani kuna mawe, kama yale ambayo mama zetu walisagia wimbi, ule ulezi, wakiwa wamepiga magoti. Hakuna. Kuna vibapa vya chuma vilivyoning'inia kwenye vyuma virefu, vipana kama vidole viwili, virefu kama kiganja, na sisi tunaviita nyundo. Mota ikizunguka, nyundo zinatawanyika, na punje ikianguka katikati yao inapigwa mpaka inakuwa unga na kupenya kwenye chujio. Sasa, jambo ambalo mteja halijui ni kwamba nyundo haipigi kwa mwili wake wote. Inapiga kwa kona. Ile kona ya mbele tu, kipande kidogo hata ukucha unakizidi. Kona ikiisha, ikawa mviringo kama goti la mtoto, nyundo ni ileile, uzito ni karibu uleule, mota inakula stima ileile, lakini unga unatoka kama mchanga. Hapo unazima, unafungua, unaigeuza nyundo, unaendelea na kona nyingine. Nyundo ina kona nne. Ukimaliza ya nne umemaliza nyundo.

Naanza na hayo kwa sababu mke wangu ndiye aliyekuwa anajua kona imeisha. Si mimi. Mimi masikio yangu yaliliwa na mashine zamani. Yeye alikaa mlangoni kwa kiti chake cha kamba, akipokea gorogoro za watu, yale makopo ya kupimia mahindi, akisalimia, akiuliza habari za wagonjwa, na katikati ya salamu ananyanyua mkono juu na kupiga kelele, "Kona!" Ninazima. Ninafungua. Na kweli, kona imeisha. Nilimuuliza anasikia nini. Alisema mashine inaacha kutafuna inaanza kufyonza. Mimi sikuwahi kusikia hiyo tofauti hata wakati masikio yalikuwa mazima.

Sisi asili yetu ni Bungoma. Nilikuja huku upande wa Kitale kijana, nikifuata mjomba wangu aliyekuwa amepata shamba. Shule niliacha darasa la tatu, na hiyo ya tatu yenyewe nilikaa nusu, kwa hivyo mkiona maandishi yangu yanapinda pinda msishangae, na nikipotea mnivumilie, nitarudi. Nilibeba magunia kule mjini Moi's Bridge wakati wa mavuno mpaka mgongo ukanizoea. Huko ndiko nilimwona mke wangu akiuza uji kwa wabeba magunia. Mkali! Ulikuwa huwezi kurudisha kikombe kichafu. Tukaoana, tukaweka mashine kando ya barabara ya kwenda Suam, nyumba nyuma, mashine mbele, na hapo tumezeeka. Nimesema tumezeeka. Nilitaka kusema nimezeeka.

Watoto wetu wakubwa wana miji na familia zao. Kitinda mimba ni msichana, na alibeba jina la mama yangu, kwa hivyo mimi humwita mayi, yaani mama, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Watu wasiotujua hushangaa kusikia mzee mwenye mvi akiita msichana mama. Kwetu si ajabu. Huyo ndiye aliyesoma. Alienda chuo kule Kibabii, Bungoma, akamaliza, halafu badala ya kutafuta kazi akarudi tena kwa masomo ya juu zaidi. Ni kemia. Mimi nilidhani kemia ni ya kutengeneza sabuni.

Likizo moja alikuja na chupa ndogo mbili amezifunga kwa soksi. Akaziweka mezani mama yake akipakua ugali. Moja maji yake yalikuwa kama chai ya rangi iliyokosa majani. Nyingine ilikuwa bluu, bluu ya kupendeza, kama kitambaa cha kwaya.

"Hii ni silva, ile fedha ya hereni," akasema.

"Ipi?" mama yake akauliza.

"Zote mbili."

"Wewe nawe. Silva gani ya bluu?"

"Ni silva tupu, mama, na kipimo ni kimoja. Tofauti ni umbo. Hii ya chai, chembe zake ni mviringo, kama mipira. Hii ya bluu ni vibapa vya pembetatu, kona zake kali."

Mama yake akaichukua ile ya bluu akaielekeza dirishani. "Sioni kona."

"Hutaziona. Chukua unywele wako mmoja, uupasue pasue mara elfu moja. Hapo ndio unakaribia."

"Nani amezipasua hivyo?"

"Hazipasuliwi, zinapikwa. Zinakua zenyewe kwa maji. Ukibadilisha moto, ukibadilisha unachotia na wakati wa kukitia, zinatoka umbo lingine. Mimi naanza na majani ya mapera."

Hapo mama yake alifurahi, maana mapera yenyewe yalikuwa ya kwetu, ule mti wa nyuma ya choo, na sisi tulikuwa tunajiuliza kila akienda anabeba majani ya nini. "Kwa hivyo ni mapishi," akasema. "Ungesema mapema."

Basi akatueleza kazi ya hizo chembe. Kwamba kuna vitu viwili ukiviweka pamoja kwa maji vitakaa tu vikiangaliana siku nzima, lakini ukitia tone la silva hiyo vinafanya kazi mara moja, na silva yenyewe haiishi. Inaitwa kichocheo. Na kwamba watu walidhani aina ya chuma tu ndiyo muhimu, kumbe umbo pia ni muhimu, kwa sababu kazi nyingi inafanyika kwa kona na kwa ukingo.

Mama yake akaweka mwiko chini. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba watoto, umesikia? Mtoto amesoma miaka yote hii ndio aje kuniambia kona ndiyo inafanya kazi! Si angeniuliza pale mlangoni, bana!"

Binti naye akacheka, lakini huyu ni mtoto wa mama yake, hakubali kushindwa bure. "Ngoja, mama. Si sawasawa. Nyundo inapiga, inavunja. Hizi zangu hazipigi kitu. Angalia hivi." Akachukua ugali, akafinyanga vitonge, akavipanga. "Huyu chembe wa hapa katikati amezungukwa na wenzake kila upande. Mikono yake yote imeshikwa. Ametosheka, hana shida na mtu. Lakini huyu wa kona ana majirani wachache, mikono yake mingine iko wazi. Kitu kikipita, anakishika. Akishika hiki na kile vikiwa karibu karibu, vinabadilishana, halafu anaviachilia vimekuwa vitu vingine. Yeye anabaki vile alikuwa."

"Kama mshenga," mama yake akasema.

"Eeh! Kama mshenga."

"Anawakutanisha, anakula kuku wake, anaenda zake bila bibi."

"Na akishika asiachilie?" nikauliza mimi, ili nisionekane kama mgeni.

"Hapo kazi imekufa, baba. Mahali pale pameziba. Na asiposhika vizuri pia hakuna kazi. Lazima ashike kiasi. Na si kila kazi inapenda kona kali. Kuna kazi nyingine umbo lingine ndilo hushinda, na ndiyo sababu tunajaribu hili na lile. Tungekuwa tunajua yote tungeenda nyumbani."

Tukala ule ugali, pamoja na zile chembe. Ile chupa ya bluu mama yake alikataa irudi Kibabii. Ikawekwa kwa rafu ya vikombe. Habari zikatoka, sijui na nani, na wiki hiyo akaja jirani yetu mmoja na hereni moja ya marehemu nyanya yake, ati amesikia msichana wetu anatengeneza silva, amwongezee ya pili. Mke wangu akamwambia inawezekana, lakini itakuwa ndogo hataiona. Yule mama akafikiria sana, akasema basi wacha.

Nakaa hapo kwa hiyo siku kwa sababu sitaki kuendelea mbele. Lakini nimesema nitaandika.

Ilianza kwa kujikuna. Alijikuna mikono, akajikuna tumbo, tukasema ni vumbi la mahindi yaliyotiwa dawa. Nikamwambia ahame mlangoni akae ndani, akakataa. Halafu nguo zikaanza kumpwaya. Chakula akawa anakisukuma. Jumapili moja tukitoka kanisani, mama mmoja akamshika kidevu, akamgeuza kwa jua, akasema, "Macho yako, dada." Nikaangalia. Mimi nililala kitanda kimoja na hayo macho na nilikuwa sijaona. Yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Dada yake ameolewa ng'ambo ya Suam, upande wa Uganda, akatuletea mizizi ya kuchemsha. Alikunywa. Manjano ikashuka mpaka kifuani, ikafika viganjani. Mkojo ukawa kama chai. Tukaenda hospitali Kitale, wakapima damu, wakatutuma kupiga picha ya tumbo. Daktari alikuwa msichana mdogo, pengine rika la binti yangu, na sitamsema vibaya hata kidogo, alitutendea kama wazazi wake. Aliniita nje mke wangu akivaa viatu. Aliniambia kuna uvimbe kwenye kongosho, umefinya mfereji wa nyongo, ndiyo sababu nyongo imerudi kwa damu na kumpaka rangi. Aliniambia umeshatembea mpaka kwa ini. "Mzee," akasema, "tungeupata mapema tungeongea mengine. Sasa tutampa dawa ya maumivu, na nyinyi mkae naye vizuri."

Tulipofika barabarani mke wangu aliuliza, "Amesema nini?"

"Amesema dawa."

Akaniangalia na yale macho. Mtu anayesikia kona ya nyundo ikiisha katikati ya makelele yote yale, unafikiri hatasikia sauti ya mume wake?

Sasa binti alijua mama ni mgonjwa, lakini hilo la mwisho hakulijua, na mimi sikutaka kulisema kwa simu. Nikaenda Bungoma mwenyewe. Nilivaa koti. Njiani nilipanga maneno, nitaanza hivi, nitamaliza hivi. Nilimkuta kwa geti la chuo ananingojea amevaa lile koti jeupe, na uso wake ukawaka. Maana nilikuwa nimemwahidi tangu mwaka wa kwanza kwamba nitakuja kuona anakofanyia kazi, na nilikuwa sijawahi. Alidhani nimekuja kwa sababu hiyo. "Baba! Ati leo umefunga mashine?" Akanishika mkono kama mtoto. Maneno yangu yote yakarudi tumboni.

Akaniingiza maabara. Ni chumba kirefu chenye meza za mbao na mifereji ya maji, na harufu kama ya dukani kwa dawa za ng'ombe. Akanivalisha miwani ya plastiki, akacheka vile nilivyo. Halafu akaniambia, "Simama hapa, nikuonyeshe ile kitu."

Akatoa chupa kubwa yenye maji ya manjano. Mayo, mama yangu! Manjano ile ile. Nilishika meza.

"Hii ni sumu," akasema. "Inatoka viwandani, kwa rangi, kwa dawa za wadudu, inaingia mitoni. Sasa angalia." Akamimina katika vikombe vitatu vya glasi. Akatia unga mweupe kidogo kwa kila kimoja, manjano ikakolea zaidi. Cha kwanza akakiacha hivyo. "Hiki kitakaa hivi mpaka jioni." Cha pili akatia tone la silva ya mviringo. Cha tatu akatia tone la ile ya kona. "Silva ni kipimo kimoja, baba. Usiangalie mimi, angalia vikombe."

Niliangalia. Cha kwanza hakikubadilika. Cha pili kilianza kufifia polepole, kama rangi ya shuka iliyofuliwa mara nyingi. Lakini kile cha tatu! Manjano iliondoka nikiangalia. Iliondoka kutoka juu, kutoka chini, kutoka kila mahali, kama mtu aliyeitwa nyumbani. Kabla sijapata pumzi vizuri kilikuwa maji. Maji safi ya kunywa, ungesema.

"Umeona kona?" binti akasema, anaruka ruka karibu. "Na unajua kilichobaki humo ni nini? Ukikiongezea hatua moja tu kiwandani ni parasetamo. Dawa ya maumivu. Kutoka kwa sumu!"

Mimi nikasema, "Weka kidogo kwa chupa nimpelekee mama yako."

Alidhani natania. "Ili afanyie nini? Ya bluu si anayo kwa rafu?"

"Anywe. Au adungwe, wewe ndiye unajua. Manjano imefika kwa viganja, mayi. Hospitali wamesema hakuna kitu. Wamesema nikae naye vizuri."

Hivyo ndivyo binti yangu alijua mama yake anakufa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilikuja kumwambia kwa njia ya kuomba.

Alivua miwani. Akaiweka mezani, akaichukua tena, akaiweka. "Wamesema nini? Sema vile walisema."

Nikasema. Kongosho, mfereji, ini. Alisikiliza akiangalia kile kikombe cha kwanza, kile ambacho kingekaa na manjano yake mpaka jioni.

"Baba, hiyo manjano na hii si kitu kimoja."

"Naona ni kimoja."

"Rangi tu. Ya mama ni nyongo. Ni kitu cha mwili wake mwenyewe kimekosa njia. Hata ningeitoa yote leo, uvimbe bado uko, kesho ingerudi."

"Basi tuitoe leo, na kesho tuitoe tena. Umesema hii haiishi."

"Kwa kikombe, baba! Kwa kikombe kina vitu viwili tu, na nimevichagua mimi. Mwilini kuna elfu na elfu. Silva haijui ipi ni sumu na ipi ni mama. Inashika tu kinachopita. Na ule unga mweupe nilitia, huo wenyewe ungemuua kabla ya jioni."

"Basi usitie unga."

"Bila unga hakuna kitu kinafanyika."

"Wewe umesoma," nikamwambia. Na sauti yangu haikuwa nzuri. "Wewe umesoma miaka hii yote."

Alimwaga vile vikombe mahali pake panapotakiwa, kimoja kimoja, akaviosha, akavipanguza, akavipanga juu ya taulo vikitazama chini. Ni mama yake alimfundisha hivyo, usiondoke ukiacha vyombo. Halafu akakaa sakafuni na koti lake jeupe, mgongo kwa meza, na nikaona mabega yanavyolia. Mimi nikasimama pale na ile miwani ya plastiki usoni, sikujua kama naruhusiwa kuitoa.

Tulirudi Kitale pamoja jioni hiyo. Hatukuongea habari hiyo tena. Alihamia nyumbani, akaacha masomo yangoje, na mama yake alipomuuliza kwa nini hayuko shule alisema wamefunga. Mama yake akasema, "Aya. Mmefunga," na akamwacha. Katika nyumba yetu siku hizo kila mtu alikuwa anadanganya na kila mtu alikuwa anajua.

Nitasema kitu kimoja cha hizo siku kisha nipite haraka. Alikuwa hawezi tena kufika mlangoni kwa kiti chake. Alilala chumba cha nyuma, na mimi nilisaga kwa sababu watu bado wanakula, na yeye mwenyewe alikataa mashine izimwe, alisema ikinyamaza ndipo hawezi kulala. Adhuhuri moja binti akatoka mbio, akanigusa bega, akapaza sauti sikioni, "Mama amesema kona!"

Nikazima. Nikaenda kumwona. Alikuwa amelala ubavu, manjano yote hiyo, midomo imekauka, sikio moja limeelekea ukuta. "Unafyonza," akasema. "Utawapa watu mchanga wapike?"

Nikafungua mashine. Kona zilikuwa zimeisha, na nilipotaka kuzigeuza nikaona nilikuwa kwa kona ya tatu. Imebaki moja. Nikageuza. Nikawasha, nikaingia tena ndani, nikamuuliza kwa mkono, vipi? Akanyanyua kidole gumba. Hivyo ndivyo alifanya kila nikifunga kona mpya. Kidole kilikuwa chembamba sana.

Alituacha siku ya soko, mchana, mashine ikiwa inasaga. Binti ndiye alikuja kuzima. Alinyoosha tu mkono akashusha swichi, na kina mama waliokuwa wamepanga foleni wakaelewa kabla yangu. Mmoja alianza kulia, na hata watu wa mbali kule barabarani walijua, kwa sababu hicho kisiagi kilikuwa hakijawahi kunyamaza siku ya soko.

Watu wa ukoo walitoka Bungoma, wakataka azikwe kule kwa wazazi wangu. Wengine wakasema hapana, mtu anazikwa alipofanyia kazi. Walibishana kando ya moto uliowashwa uani, na mimi sikuwa na nguvu ya upande wowote. Binti ndiye alisema, "Mama atalala hapa karibu na mashine." Nilidhani watamkemea, msichana kusema mbele ya wazee, lakini kwa sababu ya lile jina la nyanya alilobeba ilikuwa kana kwamba mama yangu ndiye amesema. Wakakubali. Kaburi liko nyuma, karibu na mapera.

Siku ya kunyoa ilifika, ile siku baada ya mazishi ambayo jamaa wananyolewa nywele na watu wanaanza kurudi makwao. Mimi na yeye tulikaa benchi moja tukingoja wembe. Kichwa chake kilikuwa tayari kimenyolewa, na bila nywele alikuwa mtoto mchanga kabisa, vile alivyokuja duniani. Akasema bila kuniangalia:

"Baba, ile siku ya maabara."

"Wacha hiyo, mayi. Nilikuwa mzee ambaye hajasoma."

"Hapana. Nilitafuta. Tulipofika nyumbani nilianza kutafuta. Nilisoma kila kitu nilichoweza kupata kwa simu, za mviringo, za kona, za dhahabu, za nini na nini. Kuna watu wanajaribu mambo na hizo chembe, kwa panya, kwa miaka. Hakuna ya kumpa mama. Nilikuwa najua hakuna kabla sijatafuta. Lakini niliendelea tu." Akafuta pua kwa kiganja. "Nilikuwa naomba wewe ndiye uwe unajua, na mimi ndiye niwe mjinga."

Niliweka mkono kwa kichwa chake kilichonyolewa. Kilikuwa cha moto kwa jua.

Alirudi Kibabii. Mimi nikafungua mashine tena. Na hapa nataka kueleza upumbavu wangu, ingawa wanangu wakubwa wameshaueleza sana kwa simu. Kona ile ya nne niliyofunga mke wangu akiwa hai, iliisha. Nilijua imeisha. Sikusikia, lakini unga nilikuwa naushika kwa vidole, mchanga mtupu. Na sikubadilisha nyundo. Wateja wakasema, "Mzee, unga." Nikasema, "Nimesikia." Wakasema tena. Wengine wakaanza kupita na gorogoro zao kichwani kwenda kwa mashine nyingine mbele, wakinisalimia kwa heshima kubwa, vile unavyosalimia mtu unayemhama. Mota inanguruma, stima inaliwa, na ndani nyundo mviringo zinazunguka zikibembeleza mahindi. Ningefanya nini? Hiyo ndiyo kona aliyoinyanyulia kidole. Nikizitoa, kile kidole nimekitoa pia.

Nilikumbuka mambo ya vitonge vya ugali. Kwamba anayeshika asiachilie, mahali pale pameziba. Nililielewa neno hilo siku ile ile aliposema. Kulielewa hakukunisaidia.

Binti alikuja mwisho wa muhula. Hakunigombeza. Alichukua spana, akafungua tumbo la mashine mwenyewe, akatoa nyundo moja akapitisha kidole kwenye kona zote. "Zimeisha zote, baba."

"Najua."

"Hizi hazigeuzwi tena."

"Najua, mayi."

Akaipakata. Halafu akauliza kama anaweza kwenda nayo Kibabii. Nikamwambia aende nayo. Ile chupa ya bluu ilikuwa bado kwa rafu ya vikombe, na tulipoiangalia ilikuwa si bluu tena, imegeuka rangi ya chai. Nilimuuliza imekuwaje, imeoza? Akasema silva yote bado imo, haikupotea kitu. Kona tu ndizo zimelainika zenyewe, kwa kukaa.

Tukaenda mjini, tukanunua nyundo mpya. Tulizifunga mimi na yeye, asubuhi, na mama mmoja wa zamani alikuwa amekuja kujaribu tena bahati yake na sisi. Nikawasha. Sauti ilikuwa kali, hata mimi kiziwi niliisikia kifuani. Binti akakinga unga kwa kiganja, akausugua kwa vidole, akaitikia kwa kichwa kwamba ni mzuri.

Nami nikageuka mlangoni kuona kidole gumba. Kiti cha kamba kilikuwa pale pale, na yule mama alikuwa amewekelea gorogoro yake juu.